Stendi ya Picha ya Mlangoni

Mwenye birika ni mimi. Nalisema mapema, kwa sababu wale wanaume wa benchi ukiwauliza watakwambia kijiwe ni chao na mimi ni mtu anayepita na kahawa. Thubutu! Benchi nimeliweka mimi, mkaa ni wangu, na kivuli tunachokalia ni cha ukuta wa studio ya Tabasamu. Wakaaji ndio hawa: Randa, seremala, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope, Sindano, fundi cherehani, mwembamba na mchokozi, Mtandao, anayetengeneza simu na kuamini kila anachokiona ndani ya hizo simu, na Tabasamu mwenyewe, mpiga picha, ambaye jina lake la kuzaliwa sidhani kama mkewe bado analikumbuka, maana mtaa mzima umewahi kusimama mbele yake ukaambiwa “tabasamu!” Wananiita Shangazi, ingawa Randa ni mkubwa kwangu na analijua hilo. Ni watu wazuri wote, na hakuna hata mmoja anayejua kunyamaza.

Asubuhi hiyo lakini Tabasamu alikuwa kimya. Tangu mwaka jana mkono wake wa kulia unatetemeka. Daktari alisema si maradhi ya kumlaza kitandani, ni mishipa tu, dawa akampa na dawa anakunywa, ila mkono umekataa kusikia. Na Jumamosi binti yake anaolewa. Yule mtoto tangu hajaanza shule, akikaa studio anakula biskuti, alikuwa anasema siku akiolewa ile picha ya kutoka mlangoni kwao atapigwa na baba yake na si mtu mwingine. Baba akaahidi. Akaahidi tena mwezi uliopita, mbele ya mkwe. Nami nimeziona picha anazopiga siku hizi akishika kamera mkononi: watu wana pua mbili mbili. Iliniuma, nasema kweli.

Nikamimina kahawa, nikamgusa bega.

Mimi: Toa lililoko moyoni, bwana. Kahawa inapoa.

Tabasamu: Mama watoto amesema tukodi mpiga picha wa Jumamosi.

Sindano: Alisema kwa ukali au kwa upole?

Tabasamu: Kwa upole.

Sindano: Basi ameshamkodi. Pole sana.

Tabasamu: Sikodi mtu! Nataka stendi, basi. Stendi moja nzuri ya kusimamisha kamera pale uani kwangu, nielekeze mlangoni, mwanangu akitoka nimpige. Nyinyi mnisaidie kuchagua.

Mtandao: Kwani studio huna stendi?

Tabasamu akamgeukia Randa. Sote tukamgeukia Randa.

Randa: Msinitazame hivyo. Aliniambia mwenyewe wezi wamezidi.

Tabasamu: Nilikwambia uifunge kwa mnyororo!

Randa: Mnyororo unakatwa. Nikaimwagia saruji miguuni. Nijibuni, imeibwa?

Sindano: Haijaibwa, na Jumamosi itabidi harusi ihamie studio.

Nilicheka mpaka nikamwagia kahawa vidole vyangu. Ni kweli kabisa, ile stendi imeota sakafuni kama choo. Kwa picha za pasipoti inamfaa sana, mteja anakaa, kamera imetulia, mkono hauna kazi. Lakini kuitoa pale mpaka uvunje nyumba.

Tabasamu: Na nje sijawahi kutumia stendi maisha yangu yote. Nilikuwa najigamba, mnanijua. Nikimwona kijana na stendi harusini namwambia, we dogo, mikono yako iko likizo? Sasa sijui hata nianzie wapi.

Randa: Anzia kwangu. Mimi nakuchongea. Mbao ngumu, miguu minne, hata tembo hatikisi.

Tabasamu: Mitatu.

Randa: Minne! Mitatu ni ubahili. Umewahi kuona ng'ombe wa miguu mitatu?

Tabasamu: Ng'ombe anatembea, Randa. Mimi nataka isitembee. Ua wangu una mteremko na mawe. Miguu mitatu popote unapoiweka inagusa chini yote. Minne lazima mmoja ubaki unaning'inia.

Sindano: Muulize aliyechonga hili benchi.

Randa: Benchi hili halina kasoro! Ardhi ndiyo mbovu.

Akalisema hilo huku akiegemea kwa hasira, benchi likainuka upande wa Mtandao, Mtandao akaokoa kikombe chake kwa mikono miwili. Randa akakohoa.

Randa: Haya. Mitatu.

Mtandao: Nyinyi mko nyuma sana. Siku hizi kuna ya mguu mmoja. Nimeona kwenye simu, wapiga picha wa mpira wote wanayo. Unaisimamisha, unazunguka nayo kulia kushoto, wepesi, hakuna mzigo.

Randa: Mguu mmoja! Hiyo si fimbo?

Mtandao: Ni fimbo ya kitaalamu.

Randa: Na ukiiacha si inaanguka?

Mtandao: Huiachi. Unaishika kwa mkono.

Mtandao mwenyewe akajua alichosema, akashusha macho kwenye kahawa yake. Tabasamu akauingiza mkono mfukoni. Niliona hata suruali inatikisika kidogo pale mfukoni, nikataka kumpiga Mtandao na kipepeo cha mkaa.

Mtandao: Samahani, kaka.

Tabasamu: Aa, hamna neno. Hata mimi huwa nausahau, mpaka niguse kitu.

Sindano akaona mambo yanaharibika, akaingia na utani wake.

Sindano: Mnahangaika bure. Dawa ni uzi. Unachukua uzi imara, unaufunga kwenye ile skrubu ya chini ya kamera, ncha nyingine unaikanyaga kwa kiatu. Halafu unavuta kamera juu, uzi unakaza. Uzi ukikaza mkono utakwenda wapi?

Tabasamu: Hiyo ni kweli.

Sindano: Eti?

Tabasamu: Ni kweli kabisa. Aliyenifundisha kazi alikuwa akifanya hivyo kwenye giza giza, taa zikiwa hafifu. Inasaidia sana.

Sindano: Lakini mimi nilikuwa natania!

Randa: Leo umetoa akili kwa bahati mbaya, ipige picha.

Wakajaribu hapo hapo. Kamera hakuna aliyethubutu kuileta kwenye vumbi la Randa, kwa hiyo Sindano alikimbia kuleta pasi yake, iwe badala ya kamera. Uzi ukafungwa kwenye mkono wa pasi, Tabasamu akaukanyaga, akavuta. Kwa muda kidogo pasi ilitulia kabisa, nikasema alhamdulillahi. Halafu uzi ukaanza kucheza wenyewe, juu chini, kama wa gitaa. Tabasamu akaishusha pasi taratibu akaiweka benchini.

Tabasamu: Ingefaa kwa mkono uliochoka. Huu haujachoka. Huu una mambo yake.

Mimi: Basi nipisheni na mimi niseme. Chukua kiti, weka juu mfuko wa maharage, kamera ilaze juu ya maharage. Inazama kidogo, inakaa, haiendi kokote.

Tabasamu: Shangazi, hilo nalo ni la kweli. Mfuko wa maharage ni stendi nzuri sana.

Sindano: Na jioni tunaipika.

Tabasamu: Tatizo ni kimo. Mwanangu ni mrefu, na viatu atakavyovaa ni virefu. Nikimpiga kutoka kwenye kiti atatoka tundu za pua.

Mimi: Weka kiti juu ya meza.

Tabasamu: Meza kwenye mteremko?

Nikanyamaza. Mimi nikishindwa nanyamaza, sio kama wengine.

Randa: Turudi kwenye mbao. Shangazi, lete ufagio wako.

Mimi: Ufagio wangu wa nini?

Randa: Mfano. Fundi hafanyi kazi bila mfano.

Akachukua ufagio wangu, akachukua wa studio, akamtuma Mtandao kuleta wa dukani kwake. Mafagio matatu, akayakutanisha vichwa juu, Sindano akayafunga kwa utepe wake wa kupimia. Juu pakawekwa pasi. Kitu kikasimama. Randa akarudi nyuma, akakunja mikono kifuani, akawa anatusubiri tumsifu. Alipofungua tu mdomo kusema “mnaona,” mafagio yakajifunga kama mwavuli na pasi ikatua sentimita chache kutoka kwenye birika langu.

Mimi: Randa! Haki ya nani ukiliua birika langu nitakumwagia saruji wewe!

Tabasamu: Hukutanua miguu. Stendi lazima itanuke, halafu mguu mmoja uelekee kule kamera inakoangalia, kwa sababu uzito wa lenzi unavuta mbele. Na miguu ikiwa ya kuvuta, unavuta kwanza vipande vinene vya juu, vyembamba vya chini unaviacha mwisho. Ile nguzo ya katikati usiipandishe mpaka ushindwe kabisa. Halafu katikati unaning'iniza mfuko wenye kitu kizito, upepo usiisumbue.

Sindano: Ulisema hujui uanzie wapi.

Tabasamu: Wale vijana nilikuwa nawacheka. Sikusema nilikuwa siwaangalii.

Hapo ndipo wangetulia, kama wangekuwa watu wa kutulia. Lakini Randa alikuwa ameaibika, na Randa akiaibika anajenga.

Randa: Sikilizeni. Leo ni Jumatano. Nachimba shimo uani kwako, nasimamisha nguzo, namwaga saruji. Jumamosi imekauka.

Tabasamu: Wewe na saruji!

Randa: Nguzo moja tu! Mbele ya mlango.

Mimi: Na bibi harusi atapita wapi, kama mbele ya mlango pana nguzo?

Randa: Atapinda kidogo.

Mtandao: Mimi nasema tuachane na miguu kabisa. Kuna kile kidude kinachoruka. Kinapanda juu, kinapiga picha kutoka angani.

Sindano: Kwa hiyo tutapata picha ya kichwa cha bibi harusi na bati la nyumba.

Mtandao: Kinashuka pia!

Sindano: Kikishuka na upepo wake kinaondoka na shela. Bwana harusi anaoa kipande kilichobaki.

Mtandao: Haya wewe toa lako, mwenye akili.

Sindano: Langu hili hapa. Namshonea Tabasamu suti. Mkono wa kulia wa koti naweka bitana, ndani ya bitana naweka mchanga. Kilo kadhaa. Mkono uliobeba mchanga utatetemekea wapi? Na akikaa kwenye meza ya chakula hakuna atakayejua, watasema huyu baba ana mabega.

Randa: Ataipandishaje kamera, na mkono una mchanga?

Sindano: Wewe na Mtandao mtampandisha. Mmoja huku, mmoja huku.

Walicheka wote, nami nilicheka, machozi yalinitoka. Tabasamu hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili, anakitazama.

Tabasamu: Mnacheka, na nawapenda mkicheka. Lakini picha ya mlangoni ni moja. Anatoka nyumbani kwangu mara moja tu, nje watu wanapiga vigelegele, gari linangoja, hakuna kumwambia mwanangu rudi ndani utoke tena. Nikiikosa hiyo nimeikosa. Na nikimwachia mtu mwingine, nimemdanganya mtoto tangu akiwa na meno ya utoto. Nafanyaje?

Sindano alianza kuukunja utepe wake taratibu. Randa ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

Randa: Hutaikosa. Nakuchongea miguu mitatu leo hii, mbao kavu, naitanua vizuri kama ulivyosema. Kazi zote zingine naziweka pembeni. Kile kitanda cha watu kitangoja.

Sindano: Mimi nashona mfuko wa kuning'iniza katikati. Mchanga nautia hapo, mkono wako nauacha.

Mtandao: Na kamera yako ina taima, kaka. Unaielekeza mapema mlangoni, unabonyeza, unaiacha. Inahesabu yenyewe, inapiga yenyewe, na naweza kuipanga ipige picha kadhaa mfululizo, asikosekane. Ukishabonyeza hata huigusi. Mkono utetemeke utakavyo.

Tabasamu akainua uso.

Tabasamu: Inajipiga.

Mtandao: Inajipiga.

Basi furaha iliyoingia pale benchini! Randa alisimama kuonyesha urefu wa miguu, Sindano akampima, Mtandao akawa anahesabu kwa vidole jinsi taima inavyohesabu. Mimi nikawamiminia tena wote bila kuombwa. Hakuna aliyemkumbuka mteja.

Mteja alikuwapo muda wote ule. Mama mmoja kijana, amevaa vizuri, nywele amezichana kwa ajili ya picha ya pasipoti, amekaa kwenye kiti cha mlangoni pa studio na mkoba mapajani. Alikuwa ametuvumilia kwa adabu. Akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

Mteja: Samahani, wazee wangu. Naweza kuuliza?

Mimi: Uliza, mama. Huku kila mtu anauliza.

Mteja: Baba wa bibi harusi akishabonyeza, anakwenda wapi?

Mtandao: Haendi popote. Anangoja.

Mteja: Anangojea wapi?

Mtandao: Pale. Nyuma ya stendi.

Mteja: Anafanya nini hapo nyuma?

Mtandao akamtazama Sindano, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, na Sindano akawa anatafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo.

Randa: Anailinda isiibwe.

Akasema hivyo, lakini hata yeye hakuamini.

Mteja: Nauliza tu. Maana mimi kwenye picha yangu ya mlangoni, baba yangu yuko kushoto kwangu.

Tabasamu: Mimi ndiye mpiga picha, mama.

Mteja: Si mmesema inajipiga?

Nilikuwa nauangalia ule ukuta wa ndani ya studio, mlango ulikuwa wazi. Picha za yule binti ziko pale tangu anatambaa: na gauni la kwanza la shule, na jino lililong'oka, na mguu uliofungwa plasta, na mama yake, na bibi yake, na sisi wa kijiweni. Miaka yote nimezipita nikienda kuomba moto, na leo ndiyo nikaona kwamba baba hayumo. Hata moja. Tabasamu naye alikuwa amegeuka anaangalia huko huko.

Tabasamu: Nilikuwa nazipiga mimi.

Mimi: Tunajua, kaka.

Tabasamu: Nani angepiga?

Akasimama, akaingia ndani, akatoka na kamera. Aliweka kiti changu juu ya benchi, mfuko wa maharage niliyonunua asubuhi juu ya kiti, kamera juu ya maharage. Mkono ulikuwa unatetemeka vibaya, Mtandao akataka kumsaidia, nikamvuta shati akae. Kamera ikazama kwenye maharage ikatulia.

Tabasamu: Sindano, simama pale mlangoni. Wewe ndiye bibi harusi.

Siku nyingine yoyote tungekesha na hilo. Sindano alichukua kitambaa changu cha kufutia vikombe, akajifunika kichwani, akaenda kusimama wima mlangoni. Tabasamu akabonyeza. Taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima. Akaondoka nyuma ya kamera, na niwaambieni, alikuwa anatembea kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akasimama kushoto kwa Sindano, mbali naye, nafasi ya watu wawili katikati.

Randa: Sogea, bwana!

Akasogea kidogo. Mkono wa kulia ukawa unacheza kwenye mshono wa suruali. Akauweka nyuma. Akautoa. Akaufunga na mwenzake mbele. Mtu huyu amewaambia mabibi harusi wa mtaa huu wote mikono yao waiweke wapi, na sasa alikuwa anatutazama sisi.

Tabasamu: Mikono naiweka wapi?

Randa akamtazama Mtandao. Mtandao akanitazama mimi. Kamera ikapiga, ta-ta-ta-ta, na sote tuko vile vile.

Tabasamu: Huu utatetemeka mpaka kwenye picha. Watu wataona. Nauweka wapi?

Mteja: Baba yangu alinishika mimi.

Alilisema polepole tu, kama anayekumbuka. Tabasamu akatoa simu, akakosea kubonyeza mara moja, akarudia, akaiweka sikioni. Sindano hakukivua kitambaa.

Tabasamu: Mama, hujambo? Uko na mama yako? Mwambie yule wa kukodi asije. Ndiyo, picha ninapiga mimi, kama nilivyokwambia. Sikiliza kwanza. Napiga mimi, halafu nakuja kusimama na wewe, kushoto kwako. Ndani ya picha, ndiyo. Eh? Najua ninatetemeka, mwanangu. Huo mkono utaushika wewe.